Upande Mmoja

Siku ya pili baada ya arobaini
tulilifungua sanduku la mama yetu, Bi. Sikudhani,
bati la kijani, uvunguni, Buguruni Mnyamani.

Juu kabisa, kaniki.
Alilima mpunga bonde la Msimbazi
kabla mji haujalimeza jembe lake.

Chini yake, vipande vilivyokwisha umbo:
hiki kilikuwa mbeleko, kimebeba sita,
kikashuka cheo, kikawa winda,
kikashuka tena, kikaipua masufuria,
naye akakifua, akakikunja, akakirudisha
kama askari aliyestaafu.

Kisutu cha harusi. Mkaja.
Nyeupe ya eda, miezi minne na siku kumi,
bado ina mikunjo ya kukaa chini.

Baba alipooa mke wa pili
Mama alinunua doti tatu kwa mwezi mmoja.
Hakutukana mtu. Alianika.
Kamba yetu ilisomwa hadi mtaa wa nne.
Na kusoma hakujua! Muuza duka wa Uhuru
alimsomea kila jina mara mbili,
yeye akachagua kama anayechagua kisu.

Chini kabisa, ndani ya mfuko wa rambo,
upande mmoja, mpya, haujapindwa:
MANENO NIMEVAA, MDOMO NIMEFUNGA.
Wa pili u wapi?
Dada akasema panya.
Shangazi akasema wezi wa kambani.

Alasiri akapiga hodi Bi. Mwanakheri wa Keko,
miguu ilimzuia kuja msibani.
Amejifunga ule wa pili,
umechujuka, maua yamebaki vivuli.

“Mwaka wa foleni,” alisema,
“duka la ushirika, doti moja kwa kadi.
Yeye ana kadi, hana senti.
Mimi nina senti, kadi sina.
Tukaichana palepale barazani, kwa meno.
Akaniambia, wewe vaa, mimi nitaweka.
Ukichakaa wako, utanijia.”

Tukazilaza mkekani, ubavu kwa ubavu.
Jina moja. Wekundu haufanani tena:
mmoja umekula jua miaka arobaini,
mmoja umekula giza.

“Sikumjia,” alisema. “Niliona haya.”

Akaingia chumbani kwa Mama, akarudisha mlango.
Alipotoka amejifunga mpya,
ungali na wanga, unakwaruza ukitembea.
Wa zamani ameuacha sandukuni, umekunjwa vizuri.

Tulimsindikiza hadi kona ya bomba.
Wasichana waliokuwa wakikinga maji
waligeuka, wakasoma,
mmoja kwa sauti.

Yeye hakugeuka.