Reli

Studio yetu ya mazoezi ina kuta za trei za mayai,
trei mia mbili na kitu, tulizichanga mwaka wa kwanza
kwa mama ntilie wa Kanyenye na wauza chipsi wa Ng'ambo,
tukazibandika kwa gundi ya mbao ili mwangwi ufe.
Mwangwi haukufa. Ulihamia mdomoni mwangu.

"Rudia," anasema Dokta Ntakije nyuma ya kioo.
Shirika la Leli.
"Reli."
Leli.
Wenzangu wa Kagera wanakohoa ndani ya mikono ya sweta.
"Ulimi juu, Kalunde, utetemeshe,
kama pikipiki inayokataa kuwaka."
Nauwasha. Unakataa.

Asubuhi alikuwa amechora ubaoni maduara mawili:
mtumaji huku, mpokeaji kule, mshale katikati,
na juu ya mshale radi ndogo ya chaki nyekundu.
Kelele, tuliandika, ni chochote kinachouharibu ujumbe
kabla haujafika.
Nikapigia mstari.
Pembeni, kwa penseli: r yangu.

Baba hajui neno mrejesho.
Miaka thelathini na mmoja alikaa stesheni ya Usoke
na kengele ya shaba na mashine ya kutoa tokeni.
Alibonyeza mara moja: upo?
Urambo ikajibu mara moja: nipo.
Bila jibu treni haisogei,
hata kama ndani yumo mkuu wa mkoa,
hata kama ni tumbaku na mnunuzi anasubiri.
Usiku mmoja alingoja jibu saa nne nzima
(kumbe mwenzake kaumwa na nge)
abiria wakamtukana hadi babu wa babu yake.
Tokeni hakuitoa.

Sasa sikio la kushoto limekwenda, la kulia linabagua.
Simu kwake si ya maongezi. Anabipu.
Moja: nimeamka.
Mbili: nipigie, na uongee kwa nguvu.
Tatu: nimetuma, nenda kwa wakala.
Ndiyo mkataba wetu tangu mkopo wangu utoke asilimia thelathini
na mizinga yake kumi na saba ya nyuki
ihamie kwa mtu mwingine.

Jumatano ile nilisoma taarifa ya saa moja jioni, redio ya chuo,
dakika tatu, hewani kweli, si mazoezi.
Bei ya asali. Kisima cha Isevya. Ukarabati wa
(niliiona inakuja, kama lori kwenye njia nyembamba,
nikaukaza ulimi, nikautetemesha)
leli.
Dokta hakusema kitu. Aliandika.

Natoka nje, simu inalia na kukatika.
Moja. Mbili.
Tatu. Nikaanza kuelekea kwa wakala.
Nne.

Nne hatukuwahi kukubaliana.
Nilipiga, haikupokelewa. Nikampigia jirani, Mama Kashindye, fundi,
nikasikia cherehani, halafu ndala, halafu mlango,
kisha baba akipaza sauti kama anaita kichwa cha treni:
"Redio inakwaruza, sijashika jambo hata moja!
Mwanamke anasema, anasema, simjui,
mara akasema leli.
Nikamwambia huyu mama, zima hicho kicherehani chako.
Huyo wetu!"
Salio likaisha.

Swali la kwanza la mtihani, alama ishirini:
Fafanua kelele kwa mifano.
Nilieleza mvua juu ya bati, waya uliolegea,
njaa ya msikilizaji.
Nikapata kumi na tatu.
Usoke sikuiandika.

Jioni bado nakwenda studio, ufunguo anao mlinzi,
nauweka ulimi juu.
Wiki jana ilitoka. Reli.
Safi, kama ya mtu mwingine.
Nikakaa nayo kidogo kati ya trei za mayai.
Halafu nikabipu Usoke mara nne
nikasubiri.