Kitabu cha Wageni, Kidike

Nimeshasafiri, mie, kwenda kumtazama mnyama.
Chengdu, siku mbili kabla kontena la vigae halijafungwa,
wakala wangu akaniambia: Bwana Khatibu,
kurudi kwenu bila kumwona panda
ni kwenda harusini usile pilau.
Nikalipa. Nikapanga mstari nyuma ya watoto wa skuli
waliovaa kofia zenye masikio,
nikasukumwa kidogokidogo hadi kiooni,
na yeye, macho kama aliyelala na wanja,
amekaa kitako kama bibi anayekuna nazi,
katupa mgongo,
anavunja mianzi, kha, kha, kha,
hana habari na mtu aliyetoka Pemba.

Picha zile niliwaonyesha wote barazani Wete
mpaka simu ikaingia maji.

Leo tairi limepasuka njia ya Chake.
Fundi kasema saa moja
(saa moja ya fundi mnaijua),
na mbele yangu kibao: mshale, na popo
aliyechorwa na mtu aliyekuwa, nadhani, akifikiria mwavuli.
Nimekipita kibao hiki tangu kilipochomekwa.

Mlangoni yuko Mize binti Shaame,
viatu vya mpira, daftari kwapani.
"Mgeni au mwenyeji? Bei mbalimbali."
Mwenyeji.
Akanikagua kama afisa wa uhamiaji.
"Umewahi kuja?"
La.
"Basi lipa ya mwenyeji. Nitakuongoza kama mgeni."

Niliwasikia kabla sijawaona:
ugomvi wa wake wenza kisimani,
wa bure, wa mchana kutwa.
Kisha harufu, embe lililovunda na ngozi yenye joto.
Kisha nikainua kichwa.

Wametundikwa mvuleni
kama miavuli ukumbini mwa msikiti siku ya masika,
ila kila mwavuli una uso wa kijibwa
na manyoya ya rangi ya karafuu
siku ya pili jamvini.
Mmoja akajipepea kwa bawa moja, polepole,
ngozi nyembamba hata jua likapita ndani yake
nikaona mishipa.
Mwengine kambeba mtoto kifuani,
na mtoto anachungulia chini,
au juu,
huko kwao sijui ndo wapi.

"Usiku wanafika mpaka visiwa vya nje," akasema Mize,
"wanarudi na mbegu tumboni.
Mti huu hakuupanda mtu."

Nikanyamaza. Sikumwambia
kuwa ulimi umewatambua kabla ya macho.
Baba alikuwa na wavu,
nasi watoto tukimshikia kandili.
Tui zito, pilipili, ndimu.
Mwalimu wa chuo akisema haifai,
baba akisema, mwalimu kala lini nyama?
Saba, usiku mmoja. Wakaja nyumbani
wamening'inia kwenye baiskeli,
bado kichwa chini.

Mize anahesabu, midomo inacheza, kidole kinapanda matawi.
"Jana elfu moja mia mbili na kumi.
Leo na tisa.
Mmoja kaungulia kwenye waya wa umeme."
Akaiandika ile tisa, akaikoleza.

Kitabu cha wageni kiko juu ya kimeza, chini ya mti.
Jina. Nchi. Maoni.
Itali, Itali, Ujerumani, Itali, Uholanzi,
mtu mmoja kaandika *Bibi yangu kafurahi.*
Jina nikaandika. Kwenye nchi kalamu ikagoma.
Nikaandika: Hapa.
Mize akasoma juu ya bega langu.
"Hapa ndo wapi? Tia kijiji."
Nikatia Mtambwe,
alikokuwa baba na wavu wake.
Kwenye maoni nikaandika saba,
nikaifuta,
nikaiandika tena.

Ndipo kikashuka kitu cha manjano, chenye mbegu,
paa! juu ya shati
na nusu ya jina langu.

Mize hakuomba radhi.
"Kila anayeingia hugongwa muhuri," akasema,
akafuta kitabu kwa ncha ya mtandio.
Shati akaniachia mwenyewe.