Chetezo cha Pistoni

Kaa kwanza, Yaqdhani. Vua viatu, kapeti ni jipya,
ndicho kitu pekee kipya katika gereji hii.
Kahawa imo. Tende ni za hapahapa Bidiya, si za kopo.
Halafu niambie tena, polepole,
kidude hicho umekilipa riyali ngapi.

Mia mbili na arobaini.
Haya.
Kinakaa kiganjani kama simu za zamani,
unakichomeka chini ya usukani, kinakuuliza:
mafuta gani, matairi gani, wataka nguvu au kubana matumizi?
Kisha kinaimimina ramani ndani ya gari
kwa muda wa mtu kusali rakaa mbili.
Sikidharau. Nami nilikuwa nacho.
Gari lililotoka kiwandani likabaki kama lilivyozaliwa,
kidude kinalitosha na chenji inabaki.

Lakini hili lako silo lile.
Turbo umeing'oa kwenye lori la maji huko Ibra,
nozeli zimekuja toka Sharja katika bahasha isiyo na jina,
bomba la moshi kalichomelea Shafiqul kwa kukisia.
Aliyeiandika ramani ya kidude
alikaa penye kiyoyozi akafikiria magari elfu.
Lako hakulifikiria. Angelijuaje?

Watu husema ni kama dishdasha,
ya dukani na ya kupimwa.
Mimi siafiki. Dishdasha ikikubana kwapani
utavumilia mpaka harusi iishe.
Mafuta yakipungua katikati ya tuta la mchanga,
gia ya pili, mguu umezama, jua la Julai utosini,
pistoni haivumilii.
Hugonga kwanza, kidogo, kama mgeni mwenye haya.
Na wewe umefungulia redio.

Basi sikiliza kazi yangu, usije ukasema nimekuibia.
Nafunga waya. Nafungua kompyuta hii yenye ufa.
Tunatoka saa saba mchana, si usiku:
ramani ya usiku huongopa mchana.
Wewe unaendesha, mimi nasoma namba.
Tuta moja, tunasimama. Narudisha cheche digrii mbili.
Tuta lilelile. Naongeza mafuta pale panapokauka.
Tuta lilelile.
Utaniona mwendawazimu.
Siku ya tatu utaanza kusikia ninachosikia.

Bibi yangu, mzaliwa wa Wete, kaburi lake Sinaw,
alikoleza mchuzi wa Ramadhani bila kuuonja.
Alifunua, akanusa, akatia chumvi, akafunika.
Ukimpa sufuria ya jirani alikataa:
"Hii siijui inavyopokea moto."

Na nikimaliza sitakitupa kidude chako.
Ramani yangu itakaa humohumo, uibebe mfukoni.
Chombo hakina kosa. Maneno ndiyo hayakuwa ya gari lako.

Naona unaangalia chetezo.
Ndiyo, ni pistoni. Tundu hilo hakulitoboa mtu kwa drili.
Ubani wa Dhofari hupanda vizuri kupitia hapo.
Kila aingiaye hudhani ni kazi ya kidude,
na sikuzote siwasahihishi; biashara ni biashara.
Wewe nakwambia.
Ni gari la Hilali bin Mattar. Nililipima mwenyewe,
siku mbili badala ya nne,
mwaka ule niliodhani nimeshajua.
Alirudi kwa miguu, kilomita kumi na moja za mchanga,
akaniwekea funguo mezani bila neno.

Kila asubuhi natia kaa, natia ubani,
kabla sijagusa gari la mtu.

Kahawa hiyo inapoa.
Ukitikisa kikombe nitajua umetosheka, uende na kidude chako, kwa amani.
Ukininyooshea nikuongeze,
nyoosha na funguo.