Kipanya Kisicho na Mkia

Pale shuleni Shanty Town, nyuma ya mijakaranda,
mashine ziko arobaini na mbili.
Nazijua kwa kuzifuta.
Kitambaa kikavu, waliniambia, maji ni mwiko,
na usibonyeze.
Basi sibonyezi.
Napitisha mkono kama anayemfuta uso mtoto aliyelala,
na vioo vyote, vikiwa vimezimwa,
vinanionesha mimi:
kilemba, ndoo, mimi tena, ndoo.

Nyumbani Pasua, Aikaeli yuko la sita.
Darasani kwao wako mia moja na kumi na wanne,
na kompyuta yao iko ukurasa wa sitini na tatu,
imechapwa kwa rangi ya majivu.
Kitabu kimoja watu sita, hivyo siku nyingine
anaiona kwa ubavu,
siku nyingine anaona kiwiko cha mwenzake.

Jioni ananihoji nikimenya ndizi.
"Mama, herufi A, jirani yake nani?"
Namwambia S, halafu D.
Nakumbuka kwa mkono, si kwa kichwa;
mkono wangu unapita hapo kila siku saa kumi na moja.
"Na kipanya? Mkia wake mrefu kiasi gani?"
Nikacheka. Mwanangu, nikamwambia,
vya kule siku hizi havina mikia.
Vinatembea vyenyewe mezani
kama vilivyoachishwa ziwa.

Ukaja mtihani wa mwezi. Swali la tisa:
Kipanya huunganishwa na kompyuta kwa kutumia nini?
Wenzake wote: waya.
Wangu: hakiunganishwi na kitu, mama yangu amekiona.
Akapigwa kosa.
Kosa jekundu, refu, lenye mkia.

Sikumlaumu Mwalimu Lyatuu.
Nilimkuta na rundo la karatasi limemfika kifuani,
akanionesha mwongozo: waya.
"Mama Aikaeli, mimi mwenyewe
kompyuta niliigusa mara ya mwisho chuoni.
Nikimpa yeye alama, hao wengine niwaambieje?"
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.
Nikaona kumbe naye ni mfutaji.

Ijumaa ile sijui nini kiliniingia.
Kipanya cha meza ya kumi na saba, ya dirishani,
nikakitia ndani ya fundo la kanga,
nikampita mlinzi getini
kwa shimbonyi ndefu kuliko ya siku zote.

Usiku tukakiweka mezani,
juu ya kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda.
Tumboni kina taa nyekundu!
Aikaeli akakisukuma juu ya nanasi, juu ya zabibu,
akakirudisha juu ya nanasi.
Watoto wa wapangaji wakajaa mlangoni
wakingoja kitu kisogee.
Ukuta haukusogea. Sufuria haikusogea.
"Mama, kinasogeza nini?"
Kuna kimshale, nikasema.
"Kiko wapi?"
Kule.

Jumatatu alfajiri nikakirudisha,
nimekifuta mara tatu.
Saa nne niko kwenye korido na deki yangu,
namsikia mtoto wa meza ya kumi na saba:
"Mwalimu, hiki kinakwamakwama."
Mwalimu hata hakuuliza tangu lini.
Akafungua kabati, akampa kipya,
kingali na karatasi yake inayong'aa,
na somo likaendelea.
Kile cha zamani nilikisikia kikianguka pipani,
tiki, kama punje ya mahindi ndani ya debe.

Nikaendelea kupiga deki, polepole,
nikisubiri kengele.
Pipa lile, mwenye kulimwaga ni mimi.