Ukurasa wa Thelathini na Moja

Daftari hili, kaunta buku la kwaya mbili,
alilinunua Siwatu Pazi huko Kariakoo
siku aliyochoka kujibana.
Ndivyo tulivyoanza. Si kwa semina,
si kwa fulana zenye nembo kifuani.
Mwanamke mmoja, karai la pweza mbele yake,
alisema kwa sauti iliyovuka mpaka Kunduchi:
"Wanaume wana bahari. Sisi tuna nini?"

Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka.

Fungu Kaa ina mnada. Ina vikaango kumi na tisa,
ina barafu inayoletwa kwa boti kutoka bara,
na ina ghala la chumvi lililobomoka
tulikokuwa tunakwenda wawili wawili,
mmoja amechutama, mwenzake ametandaza khanga.

Kila kikaango, kila siku, shilingi mia tano.
Nikapewa kalamu kwa kuwa nilimaliza darasa la saba
na kwa kuwa, walisema, sina maneno mengi.

Ukurasa wa kwanza: Siwatu, 500. Tabu Mkali, 500.
Mama Sharifu, 300 na samaki mmoja.
Samaki nilimwandika. Sikujua nimweke safu gani.

Ukurasa wa kumi na mbili: shimo.
Fundi Dunda alitoka Mbagala na pima maji mpya,
akachimba siku za maji mafu,
akausifu mchanga wetu, laini kama unga wa muhogo.
Tukamwambia, subiri bamvua.
Akasema ana cheti.
Mwezi ulipokamilika bahari ikaja chini kwa chini,
haikupiga hodi,
na asubuhi tukawakuta kaa wamehamia
ndani ya cheti chake.

Laki tatu na arobaini.
Niliziandika kwa wino mwekundu, nikalifunika daftari
kama mtu anayefunika maiti.

"Kama hakitaki kushuka," Tabu akasema, "kitapanda."
Basi tukabomoa ghala la chumvi jiwe kwa jiwe,
tukainua msingi hadi kiunoni,
tukalivingirisha simtangi mchangani, saba tunasukuma,
wawili wanatoa amri.
Vijana wa boti wakatania: mnajenga ikulu?
Tukawaachia watanie, maadamu wamebeba saruji.

Sasa ukurasa wa thelathini na moja.

Haupo. Hesabuni: thelathini, thelathini na mbili.
Niliuchana mimi, Sikudhani binti Mwaruka,
usiku ambao mwanangu alikuwa anapumua kama pampu mbovu
na boti ya kwenda bara ikataka mafuta kwanza.
Elfu sitini na tano. Mafuta, bajaji,
Mwananyamala, dawa, bajaji tena.
Mtoto akapona. Mkono wangu haukupona:
kila tarakimu niliyoiandika
ilinigeukia ikanitazama.

Nikalisema mkutanoni, tumekaa juu ya kreti.
Nikauliza nani aipokee kalamu.
Kimya. Mafuta yanachemka peke yake
kwenye kikaango ambacho mtu amesahau kukiepua.
Siwatu akalivuta daftari, akalamba kidole,
akautafuta ukingo uliochanika.
"Andika hapa. Mkopo kwa Sikudhani, elfu sitini na tano."
"Lakini hamkunikopesha."
"Tunakukopesha sasa. Kwa ajili ya usiku ule."

Mama Sharifu akauliza riba ni kiasi gani.
Wakamzomea. Alikuwa anauliza kweli.

Choo kilifunguliwa Jumanne
kwa sababu Jumanne Tabu alibanwa.
Diwani alifika Alhamisi na miwani yake,
akauliza mfadhili ni nani amshukuru,
akatupitia mmoja mmoja kwa macho, akimtafuta.

Mlango unalia. Bawaba ya juu ilitoka kwenye friji.
Nimebakiza elfu kumi na nane.

Leo: sabuni, mia nane. Kitasa, bado.
Na nimepiga mstari mpya, kulia kabisa, kwa rula:
samaki wa Mama Sharifu
amepata safu yake.