Nyongeza

Jaji alitamka neno moja la Kiingereza
kisha akanitazama mimi, mkalimani,
miaka kumi na tisa Milimani,
koo langu ndilo daraja lao.

Nikasema: nyongeza.

Omwansa akatabasamu.
Alikuwa mchukuzi wa magunia Gikomba,
na huko nyongeza ni nyanya moja juu ya fungu,
ni kiganja cha omena anachokutupia muuzaji
akisema, hiyo ni ya mtoto.

Ikabidi nirudie.
Si ya aina hiyo, nikamwambia.
Ulikata rufaa ukitaka miaka kumi na tano ipungue.
Serikali nayo imeleta notisi: inataka izidi.
Ukiondoa rufaa sasa hivi, unarudi na kumi na tano yako.
Ukiendelea, huenda ukashuka ngazi hizi
na mzigo mzito kuliko ule uliopanda nao.

Akainama, akaninong'oneza:
Sasa mimi nilikata nini?

Hilo sikulitafsiri.
Jaji akauliza amesema nini, nikajibu: anaendelea.
Maana alikuwa ameshatikisa kichwa,
na kichwa nacho ni lugha.

Faili lina kurasa mia moja na nne.
Ukurasa wa thelathini na moja yumo Ndinda,
Kahawa West, vyumba viwili, saa nane usiku.
Mlango wa chuma unainuliwa kwa jeki ya gari,
taratibu, kama mtu anayebadilisha gurudumu.
Watatu. Panga moja. Bastola moja.
Wakabeba mtungi wa gesi, televisheni,
na karo ya muhula iliyofichwa kwenye mkebe wa kakao.
Mmoja akamwekea mtoto bastola shingoni
akamwambia mama: tafuta funguo polepole,
hatuna haraka.

Kielelezo nambari tano.
Wakili wa serikali aliishika kwa vidole viwili:
mbao ya kreti, imechongwa kwa kisu,
imepakwa kiwi nyeusi hadi ikang'aa.
Omwansa akasema, Mheshimiwa, mbao hailii.
Nikalipeleka juu.
Jaji akanyamaza kidogo, akalirudisha:
na mtoto angejuaje?
Hilo halikunisumbua kutafsiri,
lilifika zima upande wa pili.

Wiki tatu baadaye ikasomwa.
Usiku, ikaongeza.
Wengi, ikaongeza.
Panga, ikaongeza; na ile mbao pia,
kwa kuwa hofu haichunguzi chuma.
Kumi na tano ikawa ishirini na tano,
tangu siku aliyokamatwa.

Kifungo, nikaanza kusema,
macho yangu yakatua kwenye shati lake la mistari:
halina kifungo cha pili kutoka juu,
uzi tu unaning'inia.
Lugha yangu ninaipenda, lakini siku nyingine
inanitia aibu mbele za watu.

Alikuwa anahesabu kwa vidole, nyuma ya pingu.
Alipofika mwisho akaniuliza,
si jaji, aliniuliza mimi:
Na hiyo kumi ni ya nini?

Jaji alikuwa ameshafunga faili.
Hakukuwa na sentensi ya mtu ya kubeba.
Nikasema: ya mtoto.

Askari akamshika kiwiko.

Ndinda nilimkuta nje ya chumba, kwenye benchi,
mkoba magotini, viatu vya Jumapili.
Wamemwongeza? Nikasema ndiyo.
Akatikisa kichwa mara moja,
na hicho kichwa, wallahi, sikuweza kukitafsiri.
Kisha akauliza ni wapi hapa karibu
atapata mtu wa kumuuzia tokeni za stima,
hata za shilingi hamsini,
maana za nyumbani zimebaki kidogo
na mtoto, tangu ule usiku,
halali taa ikizimwa.