Kibaba Pungufu

Tarehe tisa, alfajiri, bwawa la tatu,
nilihesabu perege kumi na wanne wakielea kiubavu,
macho yamewaingia ukungu kama kioo cha chemli
ambacho hakijafutwa masizi tangu Mfungo Mosi.
Nikasema: baridi. Nikasema: ni kunguru.
Nikasema kila neno isipokuwa lile.

Tarehe kumi, thelathini na mmoja.
Nami mtoto wa Mlingotini, niliyelelewa nikijua
mgonjwa hanyimwi chakula,
nikajaza ndoo hadi ukingoni,
pumba, mashudu, dagaa wa kusaga,
nikamwaga, nikawabembeleza, kuleni, kuleni jamani,
na pumba ikaganda juu ya maji kama upele.
Hakuja hata mmoja.

Tunu Mwinshehe, afisa uvuvi, alifika na bodaboda,
akavuka tope viatu mkononi,
akampasua mmoja kwa wembe juu ya jani la mgomba.
Akatazama ini. Akanusa maji. Akanitazama mimi.
"Nitapeleka kipande maabara, lakini hiki nadhani ni kirusi, Shomari.
Sindano sina, kidonge sina,
na atakayekuja kukuuzia, mkimbie.
Ulichonacho ni hicho kibaba chako.
Anza kwa kuwapunguzia."

Niwapunguzie?

"Kisicholiwa kinaoza, kinaiba pumzi ya maji.
Nusu kibaba. Saa tatu, jua likishapanda.
Na wavu wa bwawa hili usivuke tuta."

Usiku nilimkumbuka mama, mwaka wa surua:
mikeka mitatu ukumbini, kaniki dirishani,
nje watoto wa wenzetu wanacheza rede.
Surua nayo haikuwa na dawa.
Mama alikoroga uji wa ulezi, mwepesi, unaopita wenyewe,
akanipa kijiko kimoja, akangoja
nimeze, nipumue,
ndipo cha pili.
Zaituni naye alipewa hivyo hivyo.
Uji ule ule, kijiko kile kile.
Ijumaa tukaamka wawili.

Asubuhi nikaenda kwa Mwanamvua, kule pwani,
kununua mwani alioususa mnunuzi, umepauka, una chumvi nje.
"Samaki wa shamba wale mwani wa baharini?
Wewe umeanza lini kupika?"
Nikauosha maji matatu, nikauanika batini,
nikautwanga na punje za saumu, nikaunganisha na yai la bata,
nikafinyanga vitonge kama pilipili manga.
Nyumba ikanuka saumu hadi mke wangu akahamia kwa dada yake.

Tunu alikuwa ameshanionya:
"Mwani haukiui kirusi, usije ukaniapia mbele za watu.
Unamsaidia samaki asimame mlangoni mwake,
basi. Wengine wataanguka wamesimama."

Wakaanguka. Arobaini na mbili. Hamsini.
Nikachimba shimo, nikawafunika chokaa.
Kijijini wakasema Shomari bahili,
samaki wanakufa na njaa yeye ameficha pumba.
Kweli pumba ilikuwepo, magunia mawili, nyuma ya mlango.
Kila nikipita nayaona. Mkono unawasha.

Tarehe kumi na tisa, tisa.
Ishirini na mbili, mmoja, tena mdogo.
Ishirini na tatu nilizunguka tuta mara nne
nikitafuta wa kumwandika.

Sijui kama ni mwani.
Sijui kama ni kile kibaba pungufu,
au kirusi kilishiba chenyewe kikaondoka.
Niliweka elfu mbili. Wamebaki elfu na kidogo,
na karo ya Januari imo humo humo ndani ya hicho kidogo.

Yupo mmoja, jicho la kushoto limebaki jeupe.
Huja kwa upande, anakisikia kitonge kabla hajakiona,
anakikosa, anageuka, anakipata.
Natamani nimtupie konzi nzima.
Nafunga kiganja.
Nangoja ameze.